Jalada Lilikuwa na Mwenyewe

Sisi tuliokuja Dar es Salaam tukiwa vijana, katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha, tulijifunza kungoja kabla hatujajifunza kudai. Tulingoja mabasi ya UDA vituoni tangu alfajiri. Tulingoja sukari, unga, sabuni na khanga kwenye maduka ya ushirika na ya kampuni za biashara za mikoa, RTC, tukaacha mawe na vikapu vishike nafasi zetu kwenye foleni ili wenyewe tuwahi kazini. Baada ya vita vya Kagera, Mwalimu alituomba tufunge mikanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ikapita, mikanda ikabaki palepale ilipofungwa, nasi tukaendelea kuamka na kwenda kazini. Aliyetaka kuzungumza na ndugu yake Songea au Bukoba alikwenda Posta, akampa mhudumu namba, akaketi kwenye benchi mpaka aitwe kibandani, na mara nyingine aliitwa ili aambiwe kwamba laini haipatikani. Cheti cha kuzaliwa, leseni ya biashara, hati ya kiwanja, mafao ya marehemu: kila kimoja kilikuwa na dirisha lake, na kila dirisha lilikuwa na maneno mawili tuliyoyahifadhi kwa moyo, njoo kesho. Siyasemi haya kuomba huruma. Nchi ilikuwa changa, fedha za kigeni zilikuwa haba, na uvumilivu ule ndio uliotufikisha hapa tulipo pamoja nanyi. Nataka tu kijana anayesoma ajue tunakotoka, kwa sababu anapotuuliza leo kama tumeridhika na huduma ambazo serikali inazitoa kwa simu ya mkononi, jibu letu linaanzia huko.

Mimi nimekaa pande zote mbili za dirisha lile. Sehemu kubwa ya utumishi wangu niliifanya masjala, katika ofisi ambayo haina haja ya kutajwa, na watu wa masjala ndio tuliokuwa kumbukumbu ya serikali kabla ya mashine. Kila jambo la mwananchi lilifunguliwa jalada, jalada likapewa namba, na kurasa zake zikahesabiwa kwa wino ili isichomolewe hata moja. Jalada halikutoka kabatini bila kuandikwa kwenye kadi: limekwenda kwa nani, tarehe ngapi, lirudishwe lini. Ndiyo maana mwananchi aliyefika kwa adabu, akauliza, akarudi, akauliza tena, hatimaye aliweza kuambiwa kwamba jalada lake liko kwa afisa fulani, chumba fulani, tangu Jumanne. Huenda afisa huyo alikuwa safarini mkoani. Huenda utepe wa taipureta ulikuwa umekwisha na karatasi za kaboni hazijaletwa. Huenda pia, na hili lazima lisemwe, alikuwa akingoja mkono wa mwananchi uingie mfukoni. Tume ya Jaji Warioba, iliyoundwa na Rais Mkapa mwaka 1996, iliyaandika hayo waziwazi, rushwa ndogo ya wenye mishahara isiyotosha na rushwa kubwa ya wenye tamaa isiyoshiba, na hakuna mtumishi wa rika langu anayeweza kusema hakuyajua. Lakini hata ucheleweshaji ule ulikuwa na jina la mtu. Mwananchi alijua anacheleweshwa na nani, akaweza kumngoja mlangoni, kumsihi, au kumshitaki kwa mkuu wake.

Sasa yatazameni maeneo ya pembezoni tunakoishi. Upande wa Temeke tuko Chamazi, Mbande, Charambe na Toangoma. Upande wa Kinondoni tuko Wazo, Boko, Bunju na Mabwepande. Mwaka 1967 jiji zima halikufikia watu laki tatu, na huku kulikuwa na mikorosho, mihogo na vijia vya mchanga. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa, na wengi wa walioongezeka wamejenga huku ambako ofisi hazikuwafuata. Kutoka Mabwepande au Mbande kwenda mjini kufuata karatasi moja na kurudi ni siku nzima ya daladala na jua, na kwa mama anayeuza mihogo ya kukaanga Mbagala Rangi Tatu, siku nzima ni mtaji. Kwa watu kama hao simu imekuwa ukombozi wa kweli, nami nalisema hilo bila kusitasita. Tulipoanza kununua umeme wa LUKU katika miaka ya 1990, tulikwenda dukani na kadi, tukarudi, na usiku umeme ukikatika tulikaa gizani hadi kuche. M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, na nyingine zikafuata, ununuzi ule ukahamia kiganjani. Wakala wa Serikali Mtandao, uliozaliwa mwaka 2012 na kugeuzwa Mamlaka kwa sheria ya 2019, ukatuletea menyu ya *152*00#, inayofunguka hata kwenye kitochi kisicho na intaneti. Mwaka 2017 serikali ikaunganisha makusanyo yake katika mfumo mmoja wa malipo, na tangu hapo ankara ya maji, ada ya leseni, faini na kodi vyote vikaja na kontro namba. Mama yule wa Rangi Tatu analipa bili ya maji bila kuinuka kwenye karai lake, na meseji ya risiti inamfikia kabla mihogo haijaiva. Hakuna mkono uliopokea fedha yake uliopata nafasi ya kuipunguza.

Naomba vijana waone pia kwamba ukombozi huu haukuanzia kwenye minara ya simu. Wakati wa uhuru wengi wa wazazi wetu walitia saini kwa dole gumba. Mwalimu aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kwa miaka iliyofuata madarasa ya kisomo yalifunguliwa viwandani, misikitini, makanisani, chini ya miembe, popote penye ubao na mtu aliyejua zaidi ya wenzake. Wafanyakazi wa kiwanda cha nguo cha Urafiki walitoka zamu wakiwa na vumbi la pamba kwenye nywele, wakaingia darasani. Wapagazi wa bandari waliokuwa wamebeba magunia mchana walishika kalamu jioni kwa vidole vilivyokuwa vikitetemeka. Kufikia mwaka 1986 idadi ya watu wazima wanaojua kusoma ilihesabiwa kuwa asilimia 90. Na tulisoma kwa Kiswahili, lugha ambayo mmachinga na waziri wanaitumia sawasawa. Leo bibi wa miaka 75 wa Tandika anapofungua menyu ya serikali na kusoma chagua moja, chagua mbili, anavuna alichokipanda mwenyewe. Nchi nyingi zilizonunua mitambo kama yetu bado zinazungumza na wananchi wake kwa lugha ya wageni. Tuliijenga njia hii kwa jasho kabla haijawa na umeme ndani yake, na tunayo haki ya kuitazama kwa fahari.

Hapo ndipo linapoanza neno ninalotaka kulisema kwa niaba ya wenzangu. Wanafunzi wa vyuo hupita mitaani kwetu na hojaji zao. Wanatusalimu vizuri, wanavua viatu mlangoni, wanatuuliza: kuhusu huduma za serikali kwa simu, umeridhika sana, umeridhika, huna maoni, hujaridhika? Mzee anajibu kwamba ameridhika sana. Hasemi uongo. Anayakumbuka madirisha, anaikumbuka benchi ya Posta, analikumbuka jua la foleni, na kwa kulinganisha na hayo angejibu hivyohivyo hata kama huduma ingekuwa nusu ya hii. Ndiyo yetu inapima umbali kutoka mwaka 1982 mpaka leo. Haipimi kama meseji ilifika, kama fedha iliyokatwa kimakosa ilirudishwa, kama aliyeuliza alijibiwa. Basi nawaomba watafiti na wakubwa wa ofisi wasiitumie subira yetu kuwa ushahidi kwamba kazi imekwisha. Kijana anayesema hajaridhika, kwa kuwa amekaa saa mbili akijaribu kupata kontro namba yake na menyu inamrudisha mwanzo, huyo ndiye shahidi wa huduma yenyewe. Baadhi ya wenzangu humkemea wakimwambia angeishi enzi zetu angekoma. Mimi simkemei. Tulivumilia ili yeye asilazimike kuvumilia yaleyale.

Na kipo kitu kilichopotea njiani, ambacho mtu wa masjala hawezi kukosa kukiona. Jalada lilikuwa na mwenyewe, muamala hauna. Jirani yangu mmoja, mjane, alilipia huduma moja ya umma kwa simu. Fedha ikakatwa, risiti haikuja, na deni likabaki palepale. Alikwenda kwa wakala, akaambiwa fedha imetoka, tatizo liko mbele. Akapiga simu kwa kampuni, akaambiwa muamala umekamilika, awaulize wenye huduma. Akapanda daladala mpaka kwa wenye huduma, akaambiwa na binti mpole sana kwamba kwenye mfumo haionekani, mfumo unasumbua, asubiri. Asubiri nani? Kila aliyemwuliza alikuwa na adabu, kila mmoja alisema kweli kwa kadiri ya kioo kilichokuwa mbele yake, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameshika jambo lake. Enzi zetu ningefungua kadi nikamwambia liko kwa nani. Leo binti yule hana kadi ya kufungua. Anaambiwa mfumo uko chini kama sisi tulivyoambiwa mvua imenyesha, na yeye hana njia ya kuuliza zaidi.

Fikirini jinsi kontro namba inavyofanya kazi. Inamtambua mlipaji kwa jina, inataja kiasi mpaka senti, inataja taasisi inayodai na siku ya mwisho ya kulipa. Mwananchi amefungwa barabara, hana pa kusema hakujua. Kwa nini basi ombi lake, lalamiko lake au marejesho yake yasipewe namba yenye nguvu ileile upande wa pili, itakayotaja afisa aliyeshika shauri, kiasi ambacho serikali inadaiwa kumrudishia, na siku ya mwisho ya kujibu? Ufundi upo, maana ni uleule. Mfumo wa eMrejesho, unaopokea malalamiko, maulizo, maoni na pongezi za wananchi kwa simu, umeshika mwanzo wa njia hiyo, nami nawapongeza waliouanzisha. Lakini mwanzo wake haujafika uswahilini kwetu. Waulizeni watu kumi kwenye kituo cha daladala cha Mbagala Zakhiem kama wanaifahamu njia ya kulipa serikali kwa simu, wote watawajibu. Kisha waulizeni kama wanaifahamu njia ya kulalamika.

Kodi ya majengo inaonyesha tofauti hiyo kuliko maneno yangu. Tangu Agosti 2021 inakatwa ndani ya ununuzi wa umeme. Kwa nyumba ya kawaida ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500. Nchi haijengwi bila kodi, na kizazi kilicholipa kodi ya maendeleo, kikatembea na risiti yake mfukoni kwa kuwaogopa mgambo mpaka ilipofutwa mwaka 2003, hakiwezi kulalamikia kiasi hicho. Lakini mzee aliyevuka miaka 60 alikuwa amewekewa msamaha kwa nyumba anayoishi mwenyewe. Makato yalimfuata mpaka kitandani. Msamaha ilimbidi aufuate ofisini, kitambulisho mkononi. Mpangaji naye akajikuta analipia nyumba isiyo yake, kisha aende akapatane na mwenye nyumba. Mashine iliyojua kuchukua kwa siku moja katika nchi nzima ingeweza kufundishwa pia kusamehe.

Kuhusu kutambuliwa, rika langu lina historia ndefu. Mwaka 1983 ilipokuja Sheria ya Nguvu Kazi, asiyekuwa na kitambulisho cha kazi aliweza kukamatwa Kariakoo au Manzese na kupelekwa Gezaulole kulima. Kwa hiyo mwaka 2019, tulipoambiwa kila laini isajiliwe kwa alama za vidole na namba ya NIDA, wazee tulikuwa wa kwanza kuamka. Foleni ilirudi, na safari hii tuliisimamia tukiwa na magoti ya uzee. Tarehe ya mwisho ilikuwa 31 Desemba. Rais Magufuli akaongeza siku 20, mpaka 20 Januari 2020. Katika foleni ile niliona jambo ambalo sitalisahau: mashine ikikataa vidole vya wazee. Mwanamume aliyepakua meli bandarini maisha yake yote, mwanamke aliyelima na kufua na kuponda kokoto Kunduchi, waliweka kidole, wakafuta, wakaweka tena, na mashine haikuona mistari. Kazi ilikuwa imeifuta. Taifa lililojengwa kwa mikono ile lilihitaji kuitambua kwanza kwa mistari iliyokwisha kuisha katika kulijenga. Wapo vijana wa usajili waliowapaka wazee mafuta, wakawajaribia kidole baada ya kidole, kwa upole wa mtoto kwa mzazi wake. Mungu awalipe. Upole wao ulikuwa wao wenyewe, haukuandikwa popote kwenye mwongozo.

Jambo la siri nalo linatugusa zaidi kuliko tunavyokubali kusema. Mstaafu wa zamani aliweka barua zake kwenye sanduku, ufunguo ukakaa kiunoni. Leo mafao, matibabu na deni lake la maji vyote vimo ndani ya simu, na macho yake hayaoni tena herufi ndogo. Anamwita mjukuu. Mjukuu mwema anabonyeza, anasoma, anamtajia salio, na kwa siku moja mtoto wa miaka 14 anajua mambo ambayo zamani hata mke wa mtu hakuyajua. Na asiye na mjukuu anampelekea wakala simu yake kibandani, anamtajia namba ya siri kwa sauti kwa sababu masikio nayo yamechoka, na watu wamesimama nyuma yake. Halafu zinakuja zile meseji za matapeli, ile hela tuma kwenye namba hii, na mzee ambaye ujana wake wote aliitii karatasi yoyote iliyoandikwa kwa lugha ya amri, anatuma. Serikali imetupa namba 15040 ya kuwaripoti, na ni vizuri. Lakini heshima ya mzee inahitaji kulindwa kabla hajaibiwa, na ulinzi huo hauwezi kuwa wa namba peke yake.

Nasema hivyo huku nikitambua wema ulio ndani ya mabadiliko haya. Uhakiki wa wastaafu ulikuwa safari ya mateso: mtu na fimbo yake, bahasha yake ya nyaraka, akipanda basi kwenda kuthibitisha kwamba yu hai. Mfuko wa PSSSF, uliotokana na kuunganishwa kwa mifuko minne mwaka 2018, sasa unamruhusu mstaafu ajihakiki kwa simu janja akiwa kwake. Aliyebuni jambo hilo alimfikiria mzee. Kilichobaki ni kumfikiria na yule mwenye kitochi.

Tusifikiri pia kwamba mashine haichoki. Mwezi Mei 2021 mfumo wa kuuzia umeme ulikwama kwa siku kadhaa nchi nzima, watu wakarudi kwenye foleni za ofisi usiku na mchana. Majirani zetu wa Kenya, waliotangulia kukusanya huduma zao kwenye eCitizen tangu 2014, walishambuliwa na wahalifu wa mtandao Julai 2023, na waliokuwa wakihitaji pasipoti na vibali wakakwama. Kwa hiyo dirisha moja lenye mtu lisifungwe kamwe, hata kama kwa mwaka mzima litahudumia wachache.

Vijana wetu, ninyi mmekwisha kuonyesha kwamba kutoridhika kukisemwa kwa heshima husikika. Tozo ya miamala ya simu ilipoanza Julai 2021, ninyi ndio mliosema bila kuchoka kwamba inamwumiza mtu wa chini. Ndani ya miezi miwili ikapunguzwa kwa asilimia 30, ikapunguzwa tena mwaka uliofuata, na mwaka 2023 ikafutwa kwa upande wa kutuma fedha. Sisi tungengoja ifutwe yenyewe. Katika hilo mmetupita, nami nalikiri kwa furaha ya mzazi anayepitwa na mwanawe.

Wengine kati yenu mko Dodoma mkiiandika mifumo hiyo, wengine mko kwenye ofisi za kata na mitaa huku huku kwetu. Kila ofisi ya serikali ya mtaa ina meza, kiti, na mtendaji anayegonga mihuri. Iwekwe meza ya pili, akae kijana mmoja anayelipwa kwa kazi hiyo, mwenye kiapo cha kutunza siri za watu, amsaidie mzee na simu yake, na shauri likikwama alishike yeye mpaka lijibiwe, jina lake likiwa limeandikwa. Na kabla hamjaanza kubuni mfumo mwingine, njooni Tandika, njooni Chamazi na Kunduchi, mtuulize sisi tulioendesha masjala. Tuko hai, tunakumbuka kila safu ya kadi ile, na tutaichora kwenye karatasi mbele yenu.